Hoteli ya Familia na Ukaribu wa Maji

Familia inayosafiri na watoto haina budi kuchagua hoteli kwa vipimo tofauti na vya mfanyabiashara anayesafiri peke yake, kwa kuwa mfanyabiashara hulala popote palipo karibu na soko, ilhali mtoto wa miaka mitano husafiri na usingizi wake wa mchana, njaa yake isiyo na saa maalumu na uchovu wake wa jioni. Uchaguzi huo huwa mgumu zaidi pale watoto walipoahidiwa bustani ya michezo ya maji, yaani eneo lililozungushiwa uzio, lenye mabwawa ya kina mbalimbali, miteremko ya kuteleza inayomwagiwa maji muda wote na, mara nyingi, bwawa ambalo mitambo hulitia mawimbi mfano wa bahari. Mazungumzo haya yanakusudia kuonyesha kwamba idadi ya kilomita ndiyo kipimo dhaifu kuliko vyote, na kwamba hoteli iliyo karibu na maji, kwa maana inayoifaa familia, ni ile ambayo njia yake haimchoshi mtoto, malipo yake yanajulikana kabla ya safari, na maji yake yana mtu aliyewekwa kuyaangalia.

Mji wa Kindu unaguswa na jambo hili kwa namna ya pekee. Mji huo, ambao ni makao makuu ya jimbo la Maniema tangu mwaka 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa kuwa majimbo matatu, umejengwa kwenye kingo mbili za mto Lualaba, na watoto wake huyajua maji kabla ya kuijua shule. Hata hivyo hauna bustani ya michezo ya maji, na hoteli zake zimekua hasa kwa kuwapokea maofisa wa serikali, watumishi wa mashirika ya misaada na wachuuzi wa masafa marefu, watu ambao mahitaji yao ni kitanda kimoja, chandarua, feni na jenereta isiyozimwa mapema. Mzazi wa Kindu anayetaka kuwapeleka watoto kwenye michezo ya maji katika likizo kubwa ya Julai na Agosti hulazimika basi kutazama nje ya jimbo, na jiji mojawapo linalomjia haraka akilini ni Dar es Salaam, kwa sababu biashara imekwisha kuifungua njia: soko la Kariakoo limewazoea wateja kutoka Kongo, na bidhaa nyingi zinazouzwa mashariki mwa nchi huingilia bandari ya jiji hilo. Wenye uwezo huenda kwa ndege, na wengine hufuata njia ya zamani ya reli kutoka Kindu hadi Kabalo na Kalemie, huvuka ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha huingia Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Familia iliyomaliza safari ya namna hiyo imekwisha kutumia sehemu kubwa ya fedha zake na ya subira yake kabla ya kufika mapokezini, na ndiyo maana kukosea hoteli huiumiza kuliko kunavyomuumiza mgeni aliyetua baada ya saa mbili angani.

Bustani ya michezo ya maji inayojulikana sana Dar es Salaam ni Kunduchi Wet 'n' Wild, iliyoko ufukweni upande wa kaskazini, takriban kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, kwa njia ya barabara iendayo Bagamoyo. Bustani hiyo imepakana na hoteli ya Kunduchi Beach, na katika ukanda huohuo wa pwani, kuanzia Mbezi Beach hadi Bahari Beach, ziko hoteli nyingine za viwango na bei mbalimbali. Ugumu wa familia ya Kindu unaanzia hapa, kwa maana baba au mama aliyekuja kununua bidhaa hufikia Kariakoo, ambako vyumba ni vya bei nafuu, maduka yako mlangoni na wasafirishaji wa mizigo wanapatikana kwa miguu, ilhali watoto wameahidiwa Kunduchi. Kilomita 20 zinaonekana chache kwa mtu aliyezoea barabara za Maniema, ambako umbali kama huo wakati wa mvua unaweza kumeza siku nzima. Lakini foleni ya magari kupitia Mwenge, hasa saa za watu kwenda na kutoka kazini, inaweza kuigeuza safari hiyo fupi kuwa saa mbili za joto ndani ya gari, mara mbili kwa siku, na mtoto anayerudi akiwa na chumvi mwilini, njaa na usingizi hatakumbuka miteremko aliyoteleza bali kiti alicholilia.

Njia inayofaa katika hali kama hiyo si kutafuta hoteli ya katikati, ambayo haitakuwa karibu na soko wala na maji, bali ni kuzigawa siku za safari katika makao mawili: siku za biashara zilaliwe Kariakoo, na shughuli ikiisha na mizigo ikikabidhiwa kwa msafirishaji, familia nzima ihamie pwani ya kaskazini kwa usiku mmoja au mbili. Mpango huo hupunguza pia gharama, kwa kuwa chumba cha ufukweni, ambacho kwa kawaida ni ghali zaidi, hulipiwa kwa siku zile tu ambazo ufukwe unatumika, na mzazi huwa na watoto wake badala ya kuwaacha na mtu mwingine karibu na maji huku yeye akihesabu marobota ya vitenge. Kalenda nayo inasaidia, kwa sababu likizo kubwa ya shule za Kongo huangukia majira ambayo Dar es Salaam haina mvua nyingi, tofauti na miezi ya masika, Machi hadi Mei, ambapo siku iliyolipiwa inaweza kupotea yote kwa mvua.

Mfano wa Mombasa unalifafanua jambo la njia kwa namna ambayo wakazi wa Kindu wataielewa kuliko wengi. Bustani ya Wild Waters iko Nyali, upande wa bara wa kaskazini, ambao umeunganishwa na kisiwa cha Mombasa kwa daraja la Nyali, na mgeni aliyelala Nyali kwenyewe au Bamburi huifikia bila kuvuka chochote. Mgeni aliyechagua Diani, kwa kuvutiwa na sifa za fukwe zake, yuko upande wa kusini, na njia yake ya kawaida hupitia kivuko cha feri cha Likoni, ambako kungoja hakuna kipimo cha kuaminika. Barabara ya Dongo Kundu huwezesha kukiepuka kivuko hicho, lakini kwa mzunguko mrefu. Mkazi wa Alunguli, mojawapo ya komuni za Kindu, ambaye huiona komuni ya Kasuku ng'ambo ya mto usiokuwa na daraja, na ambaye lazima apate mtumbwi au feri kabla ya kufika sokoni, ofisini au hospitalini, hahitaji maelezo zaidi kuhusu tofauti iliyopo kati ya mahali panapoonekana na mahali panapofikika. Kabla ya kulipia chumba, basi, swali la kwanza la kuuliza ni nini kilichoko kati ya hoteli na bustani, iwe kivuko, makutano yenye foleni au barabara kuu ambayo mtoto hawezi kuivuka kwa miguu, na idadi ya kilomita iulizwe baadaye.

Kipimo cha pili ni malipo, na ili kuyaelewa inafaa kukumbuka jinsi biashara hii ilivyokua. Bustani ya kwanza ya michezo ya maji kwa sura yake ya kisasa aghalabu huhesabiwa kuwa Wet 'n Wild, ambayo George Millay aliifungua mjini Orlando, Marekani, mwaka 1977, na ambayo iliwategemea wageni waliolala katika hoteli za jirani na kukata tiketi ya siku. Baadaye wenye hoteli walitambua kwamba faida kubwa zaidi iko katika kuvimiliki vyote viwili, maji na vitanda, na mfumo huo umefika kileleni Dubai, jiji jingine ambalo wafanyabiashara wa Kongo wanalijua, ambako bustani ya Wild Wadi ilifunguliwa mwaka 1999 kando ya hoteli ya Jumeirah Beach, na ambako bustani ya Aquaventure ni sehemu ya hoteli ya Atlantis, iliyofunguliwa mwaka 2008 kwenye kisiwa cha kutengenezwa cha Palm Jumeirah. Mgeni aliyelala Atlantis huingia Aquaventure bila kukata tiketi, wakati yule aliyelala Deira, mtaa wa maduka ya jumla, hulipa kiingilio cha kila mtu pamoja na usafiri wa kuvuka karibu jiji zima.

Kutokana na tofauti hiyo, hesabu ya haki si ile ya kulinganisha bei ya chumba na bei ya chumba, bali ni ya kujumlisha chumba, viingilio, usafiri na chakula cha familia nzima, kisha kugawanya kwa siku. Hoteli ya bei kubwa ambayo kiingilio kimo ndani ya bei yake huweza kuwa nafuu kwa familia ya watu sita, na ikawa hasara kwa familia ya watu watatu. Katika kujumlisha huko kuna masharti manne yanayohitaji kufahamika. La kwanza ni aina ya huduma ya chakula, kwa kuwa baadhi ya hoteli huuza chumba pamoja na kifungua kinywa tu, nyingine huongeza mlo wa jioni, na nyingine hutoa milo yote mitatu. Bustani nyingi haziruhusu chakula kutoka nje, hivyo mlo wa mchana hulipiwa ndani kwa bei ya ndani. La pili ni chumba cha familia, ambacho kwa hoteli moja humaanisha chumba kipana chenye vitanda vinne, na kwa nyingine humaanisha vyumba viwili vilivyounganishwa kwa mlango wa ndani, navyo hulipiwa kama viwili. La tatu ni umri ambao mtoto huacha kuhesabiwa kuwa mtoto, ambao hutofautiana toka hoteli moja hadi nyingine. La nne ni urefu wa mtoto, kwa sababu miteremko mikubwa huwekewa kiwango cha chini cha kimo, aghalabu mita 1.2 au karibu na hapo, na mzazi anayelipa kiingilio kamili kwa mtoto wa kimo cha mita moja amenunua ruhusa ya kuwatazama wengine wakiteleza.

Kipimo cha tatu, ambacho ndicho kizito, ni uangalizi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, zaidi ya tisa kati ya kila kumi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu robo ya wote wakiwa watoto ambao hawajafikisha miaka mitano. Mtoto anayezama, kinyume na picha za sinema, mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono, kwa kuwa pumzi ambayo ingetoa sauti ndiyo anayoipigania, na dakika chache zinatosha. Bustani inayoendeshwa vizuri hulijibu tatizo hili kwa kuajiri waokoaji, yaani watu waliofunzwa kuogelea, kumtoa mtu majini na kumsaidia kupumua, ambao hukaa mahali wanapoona eneo lao lote na hubadilishana zamu mara kwa mara kwa kuwa jicho la binadamu huchoka kutazama maji yanayometameta. Maboya ya mkononi yanayopuliziwa hewa ni vitu vya kuchezea na hayakukusudiwa kuokoa. Kinachookoa ni mtu mzima aliye umbali wa kunyoosha mkono, asiyeshika simu.

Hapa pana jambo linaloenda kinyume na matarajio ya wazazi wengi. Bustani yenyewe, pamoja na mawimbi na miteremko yake, huwa na uzio, waokoaji na saa ya kufungwa, lakini bwawa dogo la hoteli, lililo hatua chache kutoka mlango wa chumba, aghalabu huwa na kibao tu kinachosema kwamba kila anayeogelea hujitwalia dhamana yake. Bwawa hilo liko wazi alfajiri wazazi wanapolala, na liko wazi jioni wanapofungasha mizigo, na mtoto aliyetumia mchana mzima kuambiwa kwamba maji ni furaha hana sababu ya kuyaogopa saa hizo. Kwa hiyo kadiri maji yanavyokisogelea kitanda ndivyo ulinzi unavyopaswa kuongezeka, na hoteli inayofaa familia ni ile iliyolizungushia bwawa lake uzio usiopandika kwa mtoto, wenye lango linalojifunga lenyewe na komeo lililowekwa juu. Chumba cha chini kinachofungukia bwawani moja kwa moja, ambacho matangazo hukisifu na kukipandisha bei, ni chaguo baya kwa familia yenye mtoto anayeanza kutembea.

Ubora wa maji nao huweza kupimwa na mzazi asiye na chombo chochote. Maji ya bwawa hutiwa klorini, dawa inayoua vijidudu, ambayo kiasi chake cha kawaida ni miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na huzungushwa na pampu kupitia chujio kwa saa nyingi kila siku. Bwawa ambalo sakafu yake haionekani waziwazi halifai, si kwa sababu ya uchafu pekee, bali pia kwa sababu mwokoaji hawezi kumwona aliyezama. Harufu kali inayowasha macho, ambayo wengi huichukulia kuwa ushahidi wa dawa nyingi, kwa kawaida huonyesha kwamba klorini imekwisha kuungana na jasho na mkojo, na kwamba iliyobaki huru haitoshi. Mfuniko wa tundu la kutolea maji lililo chini ya bwawa unapaswa kuwa mzima, kwani mvuto wa pampu unaweza kumnasa mtoto kwa nywele au kwa mwili, hatari iliyoifanya Marekani kutunga sheria maalumu mwaka 2007. Mtoto anayeharisha naye abaki chumbani hata kama kiingilio kimelipwa, kwa sababu vipo vijidudu vya kuhara vinavyoweza kuishi siku kadhaa katika maji yaliyotiwa klorini, na huo ni wajibu wa familia kwa familia nyingine.

Katika kuyauliza haya yote, familia ya Kindu ina nafasi ambayo mgeni wa Ulaya hana, nayo ni kwamba Kiswahili chake, ijapokuwa kina ladha ya Maniema, kinafahamika kwa mpokea simu wa Dar es Salaam na wa Mombasa bila mkalimani. Simu moja kabla ya kutuma fedha, ikimuuliza mhudumu ni nani anayeliangalia bwawa na kuanzia saa ngapi, kama lina uzio, kama kiingilio cha bustani kimo ndani ya bei, na kama kuna chandarua juu ya kila kitanda cha mtoto, hufichua mengi kuliko picha zilizopigwa siku ya ufunguzi. Mhudumu anayetaja saa za zamu za mwokoaji ameonyesha kwamba hoteli yake inaye, na yule anayejibu kwamba hakuna tatizo ameonyesha kwamba swali hilo hajawahi kuulizwa.

Vipimo hivi havipotezi nguvu familia isipokuwa na nauli ya kwenda kokote, kwa kuwa idadi kubwa ya watoto wa Kindu hucheza majini papo hapo, hasa kiangazi, Lualaba inapopungua na mchanga kujitokeza. Mto huo ni njia, ni riziki na ni burudani, lakini haumpi mtoto tahadhari. Mkondo wake una nguvu hata pale uso wake unapoonekana kutulia. Sehemu za kingo zenye maji yaliyosimama na majani huweza kuwa makao ya konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, ambavyo huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Na maji yanayomezwa kwa bahati mbaya huweza kuleta kipindupindu, ugonjwa unaojirudia katika miji na vijiji vya kando ya mto. Hoteli inayojivunia baraza lake la kuutazama mto, na inayopokea harusi na familia siku za Jumapili, imekwisha kuwasogeza watoto karibu na maji, na kwa hiyo imebeba sehemu ya dhamana, iwe inalitambua hilo au hailitambui.

Mwekezaji wa Kindu anayetaka kuwavutia wazazi angekosea kuanza na bwawa kubwa, kwa sababu bwawa lisilo na pampu inayofanya kazi kila siku hugeuka dimbwi, na katika mji ambao umeme hauna uhakika na mafuta ya jenereta ni ghali, pampu ndiyo ya kwanza kuzimwa. Kinachowezekana zaidi ni uwanja wa maji yarukayo, yaani sakafu isiyoteleza yenye matundu yanayorusha maji juu na kuyapokea tena kwa ajili ya kuchujwa na kutiwa dawa, bila kina chochote ambacho mtoto anaweza kuzama. Uwanja huo hutumia maji machache kuliko bwawa, unaweza kuendeshwa kwa saa chache za mchana kwa nguvu ya jua, na ukifungwa jioni hauachi hatari nyuma yake. Uongozi wa mji nao ungeweza kuteua sehemu moja ya kuogea kila ukingo, mbali na gati na mitumbwi yenye injini, ikawekewa kamba ya mpaka, maboya ya kurusha na kijana aliyefunzwa kuokoa ambaye hulipwa kwa siku za mapumziko.

Gharama kubwa ya bustani za Kunduchi, Nyali na Dubai imezama katika saruji, mabomba na matangazo, na Kindu haiwezi kuiiga kwa karibu. Lakini sehemu yake inayomrudisha mtoto nyumbani akiwa hai ni mshahara wa mtu mmoja anayetazama maji, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mji wowote unaweza kuimudu kabla ya nyingine zote. Mzazi anayeiuliza hoteli ya mbali kuhusu mtu huyo ana haki ya kuiuliza pia hoteli ya mtaani kwake, na swali hilo likiulizwa na wengi, wenye hoteli watalisikia.